Kovu la Kasyoka

Mwaitu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Shiko, na kwa zile rasta nyembamba ulizochagua najua hutatoka pale kabla ya saa kumi na mbili. Nafasi hii nimekuwa nikiiwinda siku zote hizi. Nimekaa kwenye meza yako ya kuchorea, nimechukua ile kalamu yako nyeusi ambayo mtu yeyote haruhusiwi kuigusa, na nimeigusa. Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza kama mwenzako ni mzima. Wewe sikuulizi. Asubuhi uliimba bafuni mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Mambo ya sweta, ya kutotembea na simu mkononi, na ya kula vizuri, mama yako amekuambia mara saba, na mara ya nane anakungojea nayo mlangoni. Mimi nayaruka. Nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu Jumatano kama mtu aliyekalia msumari.

Jumatano ulinijia na simu, uso umejaa furaha na wasiwasi vyote pamoja. Ile studio ya katuni ya Cape Town, ambayo kesho asubuhi unapanda ndege kwenda kuifanyia kazi, ilikuwa imekutumia picha tatu. Walikuwa wamemchora Kasyoka wako, shujaa uliyemchora wewe mwenyewe tangu ukiwa na miaka sita, kama watakavyomweka kwenye filamu. Ukaniambia, "Baba, Jumatatu nafaa kuwaambia kama nimekubali awe hivi. Nikishaweka sahihi, imetoka hiyo. Wewe unaonaje?"

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi na miwani, nikakujibu, "Wacha kwanza nikatupe takataka."

Takataka zenyewe hazikufika nusu ya ndoo. Nilisimama kule chini kwenye pipa hadi askari wa geti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Niliporudi ulikuwa umeingia chumbani, na hujaniuliza tena. Mwaitu, hukuniuliza tena kwa sababu unanijua. Umewahi kuniona nikinyamaza wakati nilipofaa kusema, na sitaki uondoke na mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa hivyo leo nasema, hata kama nitaandika mpaka wino wako wa bei ghali uishe.

Acha nianze na twiga.

Kule karakana yetu ya Gikomba, wewe unajua, kila mchongaji ana mnyama wake. Kilonzo ni mtu wa vifaru. Mimi ni mtu wa twiga. Nimechonga twiga zaidi ya miaka thelathini, na twiga aliye hai nimemwona mara moja tu, kwa mbali, na alikuwa amenipa mgongo. Mnunuzi alileta sampuli moja zamani, tukaambiwa tufanye kama hiyo, na tangu siku hiyo mikono yangu haijui kingine. Nikifumba macho, twiga anatoka. Nikijaribu kuchonga mbuzi, anatoka twiga mfupi.

Ulipokuwa nasari mama yako alikuwa akikuacha kwangu mchana ili arudi kwenye kibanda chake cha mapazia ya mitumba. Ulikuwa unakaa juu ya maranda, kamasi mpaka mdomoni, nami nakupa kipande cha makaa ili utulie. Karatasi hatukuwa nazo, lakini msasa uliochakaa ulikuwa tele, na nyuma ya msasa ni karatasi ya kaki tu. Hapo ndipo Kasyoka alizaliwa. Siku hiyo uliniletea kipande ukakishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

"Huyu ni nani?" nikakuuliza.

"Ni Kasyoka."

"Mbona ana shingo hivyo?"

"Ndio aone wenye wanaiba nguo za watu kwa kamba."

Alikuwa na shingo ya twiga, madoa ya twiga na vile vipembe viwili, na rinda. Mtoto wa mchongaji wa twiga angejifunza wapi umbo lingine? Wiki hiyo, kule tulikoishi Mathare, blanketi letu lilikuwa limeondoka kwenye kamba ya nguo bila kuaga. Jina ulilipata kwa Kilonzo, aliyekuambia kwamba Kasyoka kwetu ni jina la mtu aliyerudi. Ukaamua papo hapo kwamba kazi ya shujaa wako ni kurudisha vitu. Katika picha ile blanketi lilikuwa limerudi. Nilicheka karakana nzima ikageuka, kisha nikakipigilia kipande kile ukutani juu ya benchi langu. Kingali pale hadi leo, kimekula moshi na vumbi, na mgeni yeyote akiingia namwonyesha kabla ya kumwonyesha twiga.

Ulipofika darasa la tatu shingo ikafupika. Nilikuwa wa kwanza kugundua, na sitakuficha, niliona uchungu kidogo. Ulikuwa umeanza kwenda na mama yako Gikomba Jumamosi, na macho yako yalikuwa yamepata mtu mwingine wa kumtazama. Kasyoka akaota mabega. Akaota mapaja ya mtu anayepanda juu ya marobota. Akavaa pazia mgongoni, lile zito la maua, na pete zake za chuma bado ziko juu, hata akiruka zinalia cha-cha-cha na wezi wanajua kwamba amefika. Akapigana akiwa na ndara. Mama yako alipoona ndara zile alisema, "Huyu ni mimi." Ukakana kabisa, lakini sote tulijua ndara ile ya kushoto iliyofungwa na waya ilikuwa ya nani.

Nakukumbusha haya kwa sababu wewe mwenyewe Jumatano ulisema, "Labda naogopa tu kubadilika." Hapana, mama. Huyo msichana wako amebadilika kuliko mtu yeyote ninayemjua. Amekuwa twiga, amekuwa mama yako, amekuwa wewe, na kila mara alibadilika kwa sababu wewe ulikuwa umeona kitu. Kubadilika hakujawahi kukutisha. Sasa wacha nifike pale ninapopaogopa mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na nne. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, mto ukapanda mpaka kwenye vizingiti, na sisi tukahamia mtaa wa Fedha tukiwa na magodoro yaliyolowa. Hukulia hata kidogo wakati wa kuhama. Ulichora. Hadithi ya kurasa nane, ya kwanza uliyoimaliza mwanzo hadi mwisho: Kasyoka anainua bati lililomwangukia mtoto, bati linamkata Kasyoka kidevuni, linamwachia kovu. Halafu ukaiandikisha kwenye yale mashindano ya wachoraji chipukizi, yaliyokuwa yafanyike Jumapili katika ukumbi mmoja mjini.

Jumamosi ulikwenda mazoezi ya kwaya. Kurasa nane zilikuwa zimepangwa mezani, wino umekauka. Nikaziinamia.

Sasa nisikilize jinsi mchongaji anavyotazama kitu. Kwetu hakuna kazi inayotoka na kasoro. Mti ukipasuka unapokauka, unachukua unga wa mbao, unachanganya na gundi, unaziba ufa. Unapiga msasa mgumu, unapiga msasa laini, unapaka rangi ya viatu, unasugua na kitambaa mpaka Mungu mwenyewe asijue palipasuka. Mkaguzi anapita na chaki. Akiweka alama kwenye wayo wa twiga wako, huyo ni wa kuwasha jiko. Nimefunzwa hivyo tangu nikiwa kijana, na nimefunza wengine. Kwa hivyo nilipotazama kidevu cha Kasyoka, sikuona kovu. Niliona ufa. Nilipotazama yale mapaja, niliona mti ambao mtu amechoka kabla ya kuumaliza.

Nikasema moyoni, huyu mtoto anakwenda mbele ya wakaguzi kesho na hakuna aliyemmalizia kazi. Nikachukua wembe na msasa laini kuliko yote niliyokuwa nayo.

Kutoa wino kwenye karatasi bila kuitoboa si mchezo, na mimi niliweza, isipokuwa mahali pawili. Nilikwangua kovu kwenye kila ukurasa lilipokuwa. Nikapunguza mapaja, nikachora mstari mpya kwa hii kalamu ninayoandikia sasa. Nikambana kiuno. Nilifanya kazi saa tatu nikipiga mluzi, na nilifurahi, Mwaitu, nilifurahi kweli. Kisha nikazitia kurasa kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi ili usizione, iwe ni zawadi. Ulipotoka kwaya nikakuambia, "Nimekufungia, usiguse tena." Ukanikumbatia.

Nilikuwa nimeshika kurasa zile saa tatu na sikusoma neno hata moja.

Kule ukumbini nilivaa tai. Yule mama mwenye nywele fupi nyeupe aliyekuwa akihukumu alisoma polepole, tofauti na mimi, akifuata kila neno kwa kidole. Akafika ukurasa wa nane. Stima zimepotea mtaa mzima, giza, watu wanavutana, na yule mtoto mdogo anashikwa mkono na huyu na yule, hajui nani wa kumwamini. Anapapasa uso wa mtu mmoja. Anafika kidevuni. Anasema, "Ni wewe," na anampa mkono wake.

Yule mama akainua macho. "Mwanangu, huyu mtoto anagusa nini? Kidevu hakina kitu. Amejuaje ni yeye?"

Ukachukua ukurasa. Niliona macho yako yakifika kwenye kidevu, yakashuka kwenye kiuno, yakarudi. Ukapitisha kidole, ukahisi karatasi ilivyokuwa laini, na papo hapo ukajua ni mkono wa nani. Ukanitazama, mara moja tu. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Nilikuwa na mdomo na ulimi, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: ni mimi nilifuta, mama, mtoto hana kosa.

Ukasema, "Nilisahau kulichora. Ni makosa yangu."

Na mimi nikarekebisha tai.

Hayo ndiyo makosa yangu, na si moja, ni mawili. La kwanza ni la mkono, na mkono unaweza kukosea kwa mapenzi. La pili halina sababu. Nilimwacha mtoto wa miaka kumi na nne anifichie aibu mbele ya watu, nami nikachukua soda ya bure. Miaka tisa imepita na sijawahi kukuomba msamaha kwa maneno. Nilikununulia kalamu nyingine, nikakutengenezea meza hii, nikaipiga msasa mpaka inang'aa, mtu mjinga mimi! Vitu hivyo vyote nilivitoa ili nisiseme neno moja. Nisamehe, Mwende. Nimeliita jina lako lenyewe, jina la mama yangu, ambalo sijawahi kulitamka nikikutazama usoni kwa kuwa siku zote nakuita Mwaitu, yaani mama, ili ujue sifanyi mzaha.

Baada ya siku ile hukuchora kwa karibu mwaka mzima. Mama yako akaanza kupigia nguo pasi kwenye meza hii. Nilikuwa nikirudi jioni naitazama pasi nasikia vibaya kuliko mtu aliyefukuzwa kazi.

Sasa tufike kwenye utamu, maana leo si siku ya matanga.

Unakumbuka ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa natoka dukani na maziwa, vijana wamekaa kwenye ukuta, mmoja akaniita, "Niaje, Mzee Msasa!" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akadondoka. Nikasema labda ni kwa sababu ya kazi yangu. Kesho yake tena, mama mboga, mtu ninayemheshimu: "Mzee Msasa, leo hauchukui sukuma?" Siku ya tatu nikamshika Brayo, yule mdogo wa ghorofa ya pili.

"Wewe, hebu niambie ukweli. Kwa nini mnaniita hivyo?"

"Buda, kwani hujaicheki? Uko kwa katuni."

"Katuni gani?"

Akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa mara nne, za kutolewa kopi pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia. "Ni ya Mwende. Toleo la pili. Mtaa mzima wanasoma. Wewe ndiye adui, manze, na uko noma!"

Nilikaa kwenye ngazi nikasoma. Safari hii nilisoma, kila neno, mpaka maandishi madogo ya chini. Kasyoka alikuwa amerudi, na kovu lake, na mapaja yake, na pazia linalia. Na mbele yake alisimama mzee mwenye aproni ya karakana, miwani imefungwa kwa mpira, viganja vyake viwili vya msasa. Popote anapopita anasugua watu nyuso mpaka wanakuwa laini na kung'aa, wote sawa, na mama zao hawawatambui tena. Na kila anapomsugua mtu anamwambia kwa upole, "Tulia, nakumalizia."

Nakumalizia! Neno langu lenyewe la karakana.

Ilinichoma. Sitasema haikunichoma. Nilikaa pale mpaka maziwa yakapata joto. Lakini kitu kingine kilikuwa kinapanda kifuani, na nilikitambua kwa sababu nilikihisi siku ya ile picha ya blanketi: furaha tupu. Mtoto wangu anachora! Amerudi, na ana hasira, na hasira yenyewe ameipa mikono na miguu na miwani, na hakuna mstari hata mmoja uliokosea! Nikapanda juu. Uliona karatasi mfukoni mwangu ukasimama kama mwizi. Nikakuambia, "Miwani umeichora vizuri sana." Ukacheka mpaka ukakaa sakafuni, nami nikakaa, na mama yako akatoka jikoni akatuuliza kama tumekula bangi.

Kuanzia hapo nikawa msomaji wako wa kwanza, na nafasi hiyo siachi hata ukienda mwezini. Nilikusumbua kila wiki: Msasa atauawa? Atafungwa? Hukusema. Halafu toleo la sita likatoka. Kasyoka hakumpiga. Alimshika viganja akavigeuza upande wa nyuma, na nyuma ya msasa, ni nini? Karatasi ya kaki. Watoto wote wa mtaa wakaja na makaa wakachora kwenye mikono ya mzee. Nilisomea hilo karakana nikatoka nje nikasingizia vumbi. Kilonzo alinifuata na kitambaa, akasema, "Ndiyo, vumbi la leo ni kali." Ulikuwa umenisamehe kabla sijaomba. Lakini kusamehewa si sawa na kuomba, ndiyo maana leo nimeomba.

Na Kasyoka akaendelea kukua, watu wakaanza kumsoma kwa simu mpaka Mombasa na Kampala. Akapata mvi moja ya mbele. Akajifunza kuchoka. Ule ukurasa wa toleo la kumi na moja, ambapo hapigani na mtu, amekaa tu kwenye kigoda, ndara pembeni, ameloweka miguu kwenye karai la maji moto, na pazia limeanikwa kwenye kamba: ulisema watu wataona unachosha. Watu walilia. Mama yako aliukata akaubandika kibandani. Na wale wa Cape Town, wewe mwenyewe uliniambia, walikuandikia kwa sababu ya ukurasa huo.

Sasa turudi Jumatano, kwenye picha tatu.

Ni nzuri. Acha nianze na hilo, maana mimi si mtu wa kudharau kazi ya mkono. Pazia linapepea utadhani lina upepo ndani. Rangi zao ni tamu. Nilipofikiria mtu huyo akitembea na kusema kwenye kioo kikubwa, sinema nzima imenyamaza, niliona ngozi inanisisimka. Lakini pazia halina pete. Kiuno ni cha chupa. Amevaa viatu vya visigino, mtu anayekimbia juu ya mabati! Na kidevu, Mwaitu, ni laini kabisa. Hakuna alama ya patasi popote. Ni kazi ambayo mkaguzi wetu angeipitisha bila kusimama.

Ndiyo sababu niliona heri takataka. Nilimtambua Msasa. Wala simaanishi kwamba wale ni watu wabaya, kwa sababu mimi sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa nakupenda, nilikuwa napiga mluzi, nilitaka ushinde. Mtu anayelainisha kazi yako mara nyingi ni mtu anayetaka upite.

Kwa hivyo sikuambii ukatae. Nimekwisha kukufanyia uamuzi mara moja kwa wembe, na sifanyi tena kwa kalamu. Jumatatu, kabla ya kuweka sahihi, fanya kitu kimoja ambacho mimi sikufanyiwa. Waulize kama wamesoma. Waulize, kwenye giza lile, yule mtoto atagusa nini. Kisha nyamaza, waache wajibu. Wakiwa na jibu ambalo wewe hukuwahi kulifikiria, jibu linalokufanya utake kukimbilia meza, basi wape Kasyoka wambadilishe na wewe ubadilike naye, kama shingo ilivyofupika. Wakikosa jibu, utajua uko na nani mezani, na utajua la kufanya. Nafasi nyingine itakuja. Mikono ni yako na unaondoka nayo.

Na ukiamua kuweka sahihi kwa huyo mwembamba wa visigino, kwa sababu zako ambazo huna haja ya kunieleza, nitavaa shati la kanisa, nitakaa mstari wa mbele, nitapiga makofi mpaka nitolewe nje. Sitakunyamazia tena, lakini pia sitakununia.

Unajua mtaa umeshindwa kulala kwa ajili yako? Brayo, siku hizi ni mwanaume mwenye ndevu, anawaambia watu yeye ndiye aliyekugundua. Mchungaji alikuombea Jumapili mpaka ibada ya pili ikachelewa. Kesho Kilonzo anakuja uwanja wa ndege na fulana aliyoandika KASYOKA kwa mkono, herufi ya mwisho haikutosha akaipeleka mgongoni. Usimcheke. Ama mcheke, naye anacheka mwenyewe.

Jambo la mwisho. Ndani ya begi lako, chini ya zile sweta ambazo hutavaa, kuna kitu kimefungwa kwa kipande cha pazia la maua, pete mbili zingalipo. Mama yako ndiye aliyekitia, na alikula kiapo asikuambie.

Nimekifanya miezi miwili, saa za chakula cha mchana, kwa kipande cha mjakaranda. Ndiyo kitu changu cha kwanza maishani ambacho si twiga. Viwili vya kwanza vilitoka na shingo ndefu, viko jikoni, mama yako anazuilia mlango usijifunge. Huyu wa tatu ana shingo yake, mabega, mapaja kama ulivyoyachora, na ndara, ya kushoto nimeifunga waya wa kweli. Wiki iliyopita mti ulikauka ukapasuka. Nilisikia kabisa, ta! Nikakimbilia unga wa mbao na gundi kama kawaida ya mikono yangu. Halafu nikatazama ufa umepita wapi.

Umepita kidevuni.

Nikafunga chupa ya gundi. Kilonzo akaniuliza, "Sasa huyu humalizii?" Nikamwambia amekwisha. Sikumpiga msasa popote. Utaona alama zote za tezo, na labda mwiba utakuchoma, niwie radhi. Mkaguzi alipopita aliinua chaki, akanitazama usoni, akairudisha mfukoni.

Jumatatu asubuhi mtoe kwenye begi, lakini kwanza zima taa. Pitisha kidole usoni mwake polepole, mpaka kidevuni. Utajua ni nani, na utajua ni nani aliyemwachia hivyo.

Ni mimi baba yako,
Mzee Msasa